Klabu ilipenda miguu ya Heritier Lumumba, ikakataa mdomo wake

Siku ya posho tarehe 2 mwezi wa kumi 2010, mbele ya watu 93,853 katika uwanja wa MCG mjini Melbourne, klabu ya Collingwood ilipiga St Kilda kwa pointi 108 dhidi ya 52 na kuchukua kombe la ligi ya mpira wa Australia. Mashabiki wake walikuwa wakilingoja kombe hilo tangu 1990. Kati ya wachezaji waliovaa jezi ya mistari myeusi na myeupe siku ile alikuwemo beki mmoja wa miaka 23, mwenye mbio na nguvu ya kusukuma mpira kutoka nyuma kwenda mbele. Kwenye karatasi ya mechi aliandikwa Harry O'Brien. Jina lake mwenyewe ni Heritier Lumumba.

Jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Goma, Bukavu, Kindu, Kisangani ao Lubumbashi. Lakini habari ya mchezaji huyo haijulikani sana huku Kongo, kwa sababu hata mchezo wenyewe haujulikani. Inafaa ijulikane. Ni habari ya kijana mwenye damu ya Kongo aliyefika juu kabisa katika kazi yake, akasema wazi kitu kilichokuwa kibaya ndani ya klabu yake, akahesabiwa kuwa mtu wa matata. Karibu miaka minane baadaye, ripoti iliyoagizwa na klabu hiyo hiyo ikaonyesha kwamba kibaya hicho kilikuwepo kweli. Swali linalobaki ni moja: gharama ya miaka hiyo minane ilipaswa kulipwa na nani, na ililipwa na nani?

Kutoka Rio hadi Perth

Lumumba alizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwezi wa kumi na moja 1986. Mama yake ni Mbrazili. Baba yake ni mtu mwenye asili ya Kongo na Angola. Akiwa bado mtoto mdogo sana, aliletwa Australia na kukulia Perth, mji mkubwa wa upande wa magharibi wa inchi hiyo. Jina la O'Brien lilitoka kwa baba wa kambo. Shuleni na uwanjani, Harry lilikuwa jina rahisi kwa midomo ya watu wa kule. Wazazi wengi wa Kongo wanaoishi ugenini wanajua jambo hilo: mwalimu anashindwa kutamka jina la mtoto, anamtafutia jina fupi, na jina fupi linabaki.

Mpira aliouchagua si ule wa Leopards. Australia ina mchezo wake, ulioandikiwa sheria za kwanza mjini Melbourne mwaka wa 1859. Kila upande una watu 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai, na balo pia ina umbo la yai. Mchezaji anaweza kuidaka kwa mikono na kukimbia nayo, lakini hawezi kuirusha: anaipiga kwa mguu ao anaigonga kwa ngumi ili imfikie mwenzake. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo inne. Balo ikipita katikati ya nguzo mbili ndefu ni pointi sita. Ikipita pembeni ni pointi moja. Mechi ina vipande vinne. Hakuna ofusaidi, watu wanagongana bila kofia ya kulinda kichwa, na mchezaji wa katikati anaweza kukimbia kilomita zaidi ya kumi katika mechi moja.

Kuingia katika kazi hiyo kuna utaratibu wake. Kijana hachagui klabu. Kila mwaka klabu ndizo zinazochagua vijana, moja baada ya nyingine, nyingi zikimtafuta kijana wa miaka 18. Akichaguliwa na klabu ya upande mwingine wa inchi, anafunga sanduku na kwenda. Kutoka Perth hadi Melbourne ni kilomita zaidi ya 2,500. Wale wasiochukuliwa katika uchaguzi mkubwa wanaweza kuchukuliwa katika uchaguzi mdogo, ule wa wachezaji wanaojaribiwa. Hao wana mshahara mdogo, mkataba mfupi, na wakati ule hawakuruhusiwa kucheza mechi za ligi kuu mpaka klabu iwapandishe.

Lumumba aliingia kwa mlango huo mdogo. Collingwood ilimchukua kutoka klabu ya Claremont ya Perth, akacheza mechi yake ya kwanza mwaka wa 2005 akiwa na miaka 18. Miaka mitano baadaye alikuwa bingwa wa inchi, na mwaka huo huo wa 2010 alichaguliwa katika ekipe ya heshima ya wachezaji bora wa ligi nzima. Kombe lenyewe lilipatikana kwa shida: fainali ya kwanza, tarehe 25 mwezi wa tisa, iliisha kwa sare ya 68 kwa 68, na sheria ya wakati ule ilitaka ekipe zirudi uwanjani juma lililofuata. Walirudi, wakashinda kwa tofauti ya pointi 56.

Kijana aliyeanza kwenye orodha ya chini na kufika hapo hawezi kuitwa mtu aliyepewa bure. Jambo hilo ni la kukumbuka, kwa kuwa baadaye watu walimtendea kana kwamba klabu ilimfadhili.

Jina moja la kurudisha, lingine la kukataa

Mwishoni mwa 2013 mchezaji huyo aliomba aitwe tena Heritier Lumumba. Wengine waliona ni jambo la ajabu: kubadilisha jina katikati ya kazi, wakati jezi, picha na matangazo yote yanasema Harry O'Brien. Mkongomani hawezi kushangaa. Inchi hii imepitia mambo mengi ya majina. Mnamo 1972, wakati wa siasa ya "authenticité", Mobutu aliamuru watu waache majina ya kizungu ya ubatizo na wachukue majina ya mababu, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Wazee wanakumbuka padri aliyekatazwa kumbatiza mtoto kwa jina la Petro. Kitu kilichoumiza watu wakati ule hakikuwa majina ya mababu yenyewe. Kiliwaumiza kuona mtu mwingine ndiye anayeamua. Jina ni la mwenyewe. Likichukuliwa kwa amri linauma, na likirudishwa kwa hiari linaponya.

Kulikuwa na jina lingine, ambalo Lumumba hakuliomba. Alieleza kwamba kwa miaka mingi ndani ya Collingwood baadhi ya wachezaji wenzake walimwita "sokwe". Watu wanaoishi karibu na Kahuzi-Biega na Virunga wanajua wanyama wa pori kwa macho yao, na wanajua kwamba hakuna mtu anayemwita mwanadamu mweusi hivyo kwa kumpenda. Klabu haikukubali mara moja kwamba jina hilo lilitumika. Baadaye wachezaji kadhaa wa zamani walijitokeza wakasema kwamba walilisikia kwa masikio yao.

Mwaka wa 2013 ndio ulioonyesha kila mtu alisimama wapi. Tarehe 24 mwezi wa tano, Collingwood ilikuwa ikicheza na Sydney Swans. Adam Goodes, mzaliwa wa wenyeji wa kwanza wa Australia, mchezaji aliyepewa mara mbili medali ya mchezaji bora wa ligi, alitukanwa na msichana wa miaka 13 aliyekuwa katika jukwaa: alimwita nyani. Rais wa Collingwood, Eddie McGuire, mtu maarufu wa redio na televisheni, alienda usiku ule ule kumwomba Goodes radhi. Hilo lilikuwa jambo jema, na lazima lisemwe. Lakini siku tano baadaye McGuire huyo huyo, akiwa katika kipindi chake cha redio, alifanya mzaha akihusisha jina la Goodes na King Kong, sokwe mkubwa wa filamu.

Lumumba alikuwa mchezaji wa McGuire. Mkataba wake ulikuwa na klabu ambayo McGuire aliiongoza tangu 1998. Angenyamaza, hakuna ambaye angemuuliza kitu. Alisema wazi, mbele ya watu wote, kwamba maneno ya rais wake hayakubaliki.

Kutoka siku ile, kwa maelezo yake mwenyewe, mambo yalibadilika ndani ya nyumba. Alisema kwamba aliambiwa amemtupa rais wa klabu, na kwamba yeye ndiye aliyeonekana kuwa shida. Mwisho wa 2014 aliondoka Collingwood na kwenda klabu ya Melbourne. Alikuwa amecheza mechi 199 kwa jezi ya mistari myeusi na myeupe. Moja tu ilibaki ili afikishe 200.

Huko Melbourne alicheza mechi 24 tu. Mwaka wa 2016 aliacha mpira, akikaribia miaka 30, kwa sababu ya mapigo ya kichwa. Kiisha, mwaka wa 2017, filamu juu ya maisha yake ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Australia, na habari ya jina la "sokwe" ikafika kila nyumba. Hata hapo, watu wengi zaidi walijadili tabia ya Lumumba kuliko jambo lenyewe alilolisema.

Ripoti iliyochelewa

Mwaka wa 2020, baada ya mauaji ya George Floyd huko Marekani na maandamano yaliyofuata duniani, Lumumba aliongea tena, na safari hiyo Collingwood iliagiza uchunguzi. Kazi hiyo walipewa Larissa Behrendt, profesa wa sheria kutoka kwa wenyeji wa kwanza wa Australia, pamoja na Lindon Coombes. Ripoti yao ilikamilika mwisho wa 2020, na mwanzo wa mwezi wa pili 2021 ikavuja kwa waandishi wa habari. Ilisema kwamba ndani ya klabu kulikuwa na ubaguzi wa rangi uliojengeka katika mfumo wenyewe, na kwamba kila mara mtu alipolalamika, jibu la klabu halikusaidia ao liliongeza maumivu. Ilitoa mapendekezo 18.

Siku ripoti ilipotoka, McGuire aliwaambia waandishi wa habari kwamba hiyo ni siku ya fahari kwa klabu. Watu walikasirika, naye akakiri kwamba alikosea kusema hivyo. Wachezaji wa Collingwood, wanaume na wanawake, waliandika barua ya wazi kuomba radhi kwa wote walioumizwa. Tarehe 9 mwezi wa pili 2021, McGuire alijiuzulu baada ya miaka zaidi ya 22.

Hapo ndipo watu wengi wanafunga habari: haki imepatikana, mkubwa ameondoka, klabu imeomba radhi. Kuifunga hapo ni kosa.

Ripoti haikugundua kitu kipya. Iliandika kwa lugha ya wasomi kile ambacho mchezaji mmoja alikisema bure, kwa mdomo wake, akiwa bado ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Tofauti kati ya 2013 na 2021 si ukweli wa jambo. Ni nani alilisema, na klabu ilikuwa na nini cha kupoteza wakati ule. Mwaka wa 2013 klabu ingeweza kupona kwa mazungumzo ya saa mbili: kumwita Lumumba, kumsikiliza, kupiga marufuku jina lile, kumwambia rais kwamba radhi ya usiku mmoja haifuti mzaha wa siku tano baadaye. Badala yake ilimpoteza mchezaji, ikapoteza miaka, na mwishoni ikampoteza rais.

Radhi iliyokuja 2021 haikumrudishia mchezaji kitu. Kazi ya mpira ni fupi. Mwalimu ao fundi wa mbao akinyimwa haki akiwa na miaka 27, ana miaka 30 mingine ya kazi mbele yake. Mchezaji wa miaka 27 yuko katikati ya miaka yake mizuri ya mwisho. Ukimwambia "ngoja tuchunguze" halafu ukachunguza baada ya miaka minane, umemjibu mtu ambaye kazi yake imeisha tayari.

Sauti zinazopinga

Wapo wanaosema kwamba majina ya utani ni mchezo wa vijana. Kila ekipe ina mnene, mrefu, mweusi, na wote wanacheka. Hoja hiyo inasahau mshahara. Kijana aliyeingia kwa orodha ya chini, aliye mbali na mama yake, ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa mwaka, atacheka hata kama moyo unamuuma. Kicheko cha mtu anayeogopa kufukuzwa si ushahidi kwamba jambo ni zuri. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa anayependa mizaha anajua hivyo bila kusoma ripoti.

Wengine wanasema Lumumba alikuwa mtu mgumu, aliyegombana na watu wengi. Inawezekana. Watu wanaosema ukweli mapema mara nyingi ni wagumu, kwa kuwa walio laini wamekwisha kunyamaza. Klabu haikuhitaji kumpenda. Ilihitaji kupima kama alilosema ni kweli ao si kweli, na hilo ndilo halikufanywa.

Hoja ya tatu ni kwamba mpira na siasa visichanganywe. Hoja hiyo Wakongomani wanaijua vizuri sana. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wa Leopards walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa, kama bunduki. Dunia nzima iliona watu wa mashariki wanauawa na hakuna anayesema. Siku inne baadaye Héritier Luvumbu, Mkongomani aliyekuwa akicheza Rayon Sports ya Rwanda, alifunga goli na kurudia alama hiyo hiyo mjini Kigali. Shirikisho la mpira la Rwanda lilimfungia miezi sita, na kazi yake katika klabu ile ikaisha. Walioitwa Héritier ni wengi Kongo. Wawili kati yao wamejifunza, kila mmoja katika inchi ya mbali na nyingine, kwamba mchezaji anaruhusiwa kuongea mpaka pale maneno yake yanapomgusa mwenye uwanja.

Huko Australia pia alama ya mwili ilisema kabla ya maneno. Tarehe 17 mwezi wa nne 1993, Nicky Winmar wa St Kilda, mzaliwa wa wenyeji wa kwanza, alitukanwa mechi nzima na mashabiki wa Collingwood katika uwanja wao wa Victoria Park. Mechi ilipoisha na ekipe yake kushinda, aliinua jezi na kuonyesha kwa kidole ngozi ya tumbo lake. Miaka miwili baadaye, 1995, baada ya Michael Long wa Essendon kukataa kunyamaza juu ya tusi alilopewa na mchezaji wa Collingwood, ligi iliandika sheria ya kukataza matusi ya rangi uwanjani. Kwa hiyo Lumumba alipofika 2005, sheria ilikuwepo miaka kumi. Ilikataza matusi ya rangi. Haikuzuia mizaha ya wenzake wa ekipe, wala ya rais. Sheria inayomlinda mtu dhidi ya adui na kumwacha bila ulinzi ndani ya nyumba yake ni nusu ya sheria.

Goodes naye aliona. Mwaka wa 2015 mashabiki wa viwanja mbalimbali walimzomea juma baada ya juma, mpaka akaacha mpira mwisho wa mwaka huo. Ligi na klabu zote 18 zilimwomba radhi mwaka wa 2019. Mara mbili, basi, kwa watu wawili tofauti, radhi ilifika baada ya mtu kuvua viatu.

Kichwa nacho ni mkataba

Kuna jambo la pili katika habari hii ambalo wazazi wanapaswa kulisikia. Kilichomtoa Lumumba uwanjani mwishoni ni kichwa chake. Katika mpira huu watu wanaruka magoti yakifika mabegani mwa wenzao, na wanagongana wakiwa katika mbio. Wataalamu wamepata ugonjwa wa ubongo unaoletwa na mapigo ya mara kwa mara katika ubongo wa wachezaji kadhaa waliofariki: Graham Farmer, Danny Frawley, Shane Tuck. Mnamo 2023 ilitangazwa kwamba Heather Anderson, aliyecheza ligi ya wanawake na kufariki akiwa na miaka 28, naye alikuwa nao. Tangu 2021 ligi inataka mchezaji aliyepigwa kichwani akae nje siku 12 kwa uchache.

Sheria hiyo ni njema, lakini inategemea mchezaji mwenyewe aseme: nimepigwa, sioni vizuri. Hapo mambo mawili yanakutana. Kijana aliyefundishwa kwamba anayelalamika ni mtu wa matata, hatasema hata anapoona giza. Klabu inayotaka wachezaji wake wataje maumivu ya kichwa lazima iwe klabu ambayo wanaweza kutaja pia maumivu ya moyo.

Watoto wa kambi

Habari hii haimhusu mtu mmoja tu. Majak Daw alizaliwa Khartoum, mmoja wa watoto tisa, akapitia Misri na kufika Australia mwaka wa 2003. Miaka kumi baadaye, akiwa na North Melbourne, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Sudani kucheza ligi kuu, na mguso wake wa kwanza wa mguu ulikuwa goli. Aliir Aliir alizaliwa kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudani Kusini. Mwaka wa 2021 alichaguliwa katika ekipe ya heshima ya ligi, ile ile aliyoingia Lumumba 2010. Kakuma kuna Wakongomani pia. Wako wengi zaidi Nyarugusu huko Tanzania, na Nakivale na Kyangwali huko Uganda, na kwa miaka mingi Australia imekuwa moja ya inchi zinazopokea familia kutoka kambi kama hizo. Watoto waliotoka Fizi, Uvira, Masisi ao Rutshuru wanakua leo katika miji ambako kila shule ina uwanja wa umbo la yai. Baadhi yao watachaguliwa. Ni hesabu ya kawaida tu.

Mzazi wa Kikongomani huko ugenini anajua kumfundisha mtoto heshima: usimjibu mkubwa, usilete aibu, shukuru waliokupokea. Mafundisho hayo ni mazuri, na yamewabeba watu katika njia ngumu. Lakini yana mpaka. Heshima haimaanishi mtoto avumilie kuitwa mnyama ili asiitwe mwenye kinyongo. Mtoto anapaswa kusikia nyumbani, kabla hajasaini kitu chochote, kwamba kuna jambo ambalo akilisema wazazi wake watasimama nyuma yake hata kama mkataba utapotea. Akilijua hilo atakuwa na mahali pa kurudi. Pasipo mahali pa kurudi, hakuna kijana anayesema ukweli mbele ya rais wa klabu.

Klabu nazo zina kazi, na kazi hiyo haihitaji ripoti nyingine. Malalamiko ya mchezaji juu ya ubaguzi yasikilizwe na mtu ambaye halipwi na klabu ile. Yajibiwe ndani ya majuma, kwa maandishi. Na mkataba wa mchezaji aliyelalamika usivunjwe wala asiuzwe mpaka jibu litoke, isipokuwa yeye mwenyewe ataka kuondoka. Mambo hayo matatu yangetosha mwaka wa 2013. Yanafaa pia klabu za Kinshasa, Lubumbashi na Goma, ambako kijana anayedai mshahara wake wa miezi mitano anaitwa msumbufu kwa sauti ile ile.

Wakongomani wanalijua jina la Lumumba kama jina la mtu aliyesema mbele ya wakubwa maneno ambayo hawakutaka kuyasikia, akauawa karibu na Lubumbashi tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, na kuheshimiwa na wote alipokuwa hawezi tena kusikia. Jino lake lilirudishwa kutoka Ubelgiji mwaka wa 2022, miaka 61 baadaye. Heritier wa Collingwood aliishi, na hilo ni jambo la kushukuru. Alicheza mechi 223 za ligi kuu, ana kombe moja, na ana jina lake. Vijana watakaomfuata wanastahili zaidi ya hapo: wasikilizwe siku ile ile wanapoongea, wakiwa bado na viatu mguuni.